Tangi la matumbawe la lita 650 Arusha na Moshi: mwongozo kamili, kutoka fremu ya chuma hadi tumbawe la kwanza

Matangi ya maji chumvi yanayokufa Arusha na Moshi hufa kwa njia zilezile tatu. La kwanza lilitiwa chumvi ya dukani. La pili lilikuwa zima saa nne usiku, umeme ukakatika, kulipopambazuka samaki wamelala ubavu. La tatu liliwekewa samaki wiki ya kwanza kwa sababu maji "yalikuwa meupe kabisa". Hakuna hata moja lililoponzwa na udhaifu wa samaki.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mahali, umeme na maji. Kioo kinafuata, na viumbe wanaingia mwisho. Ukifuata mpangilio huo, samaki wa kwanza ataingia miezi miwili hadi mitatu baada ya fundi kuchomelea fremu. Ukiona muda huo ni mrefu, fuga perege nje kwenye bwawa: nao ni samaki wazuri, na wanaliwa.

Vipimo vyote hapa ni vya tangi la sentimita 180 × 60 × 60, lenye sampu (tangi la pili la kuchujia maji na kukaa vifaa) ya sentimita 100 × 45 × 45 chini yake. Ukiondoa unene wa kioo, mawe na mchanga, maji halisi ya mfumo mzima ni kama lita 650.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kuanza

Vya fundi chuma na fundi kioo:

- Bomba za mraba za 50 × 50 mm, unene 3 mm. Rangi ya kuzuia kutu na rangi ya mafuta
- Plaiwudi ya mm 18 na fomu ngumu (povu gumu, foam) ya mm 10 ya kulaza chini ya kioo
- Kioo cha kawaida cha mm 12 kwa tangi (mm 15 ikiwa mfuko unaruhusu), mm 6 au 8 kwa sampu
- Silikoni safi inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu

Vya maji:

- Mashine ya RO (inayochuja maji kwa kuyasukuma kupitia memburani) yenye hatua ya mwisho ya resini, na kipima TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini
- Pipa la plastiki la chakula la lita 200 au zaidi, na jingine la lita 40
- Chumvi maalumu ya matangi ya matumbawe, kilo 40: kilo 24 za kujaza, zilizobaki za kubadilishia maji
- Refraktomita (kipima chumvi) na kimiminika chake cha kuipimia cha 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji
- Vipimo vya maji chumvi: amonia, nitraiti, nitreti, fosfeti, ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke), kalsiamu, magnesiamu

Vya kuendesha:

- Pampu ya kurudisha maji yenye uwezo wa lita 3,000 kwa saa ikipandisha mita 1.5
- Pampu mbili za mawimbi, jumla lita 13,000 kwa saa au zaidi. Moja iwe ya wati 20 hivi, ya kuendeshwa na betri
- Skima (kifaa cha kutoa uchafu majini kwa povu) ya tangi la lita 800 hadi 1,000
- Hita mbili za wati 300 na kidhibiti joto cha nje
- Taa za LED za matumbawe, tatu kwa urefu huo
- Inveta ya wimbi safi, betri ya 12V 100Ah, pampu ndogo ya hewa, stabilaiza
- Mawe makavu kilo 45 hadi 50, mchanga wa aragonaiti (aina ya kalsiamu kaboneti) kilo 50

## Hatua ya 1: Mahali na fremu

Maji yaliyo kwenye kioo ni zaidi ya kilo 500. Ongeza kioo kilo 120, mawe na mchanga kilo 100, sampu na fremu. Unakaribia tani moja na zaidi kidogo juu ya eneo la mita mraba moja. Sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kuishi haikupigiwa hesabu ya mzigo huo. Weka chini, juu ya sakafu ya zege iliyolala ardhini, mbali na dirisha linalopigwa jua.

Mbali na jiko pia. Jiko la mkaa huongeza hewa ya ukaa ndani ya nyumba, nayo huingia kwenye maji na kushusha pH. Juni na Julai Arusha, watu wanapofunga madirisha kwa baridi, utaiona pH ya asubuhi ikishuka chini ya 7.9 bila kosa jingine lolote.

Fremu iwe na miguu sita, si minne, na kimo cha sentimita 80. Kimo hicho si cha urembo: skima ina kikombe kinachotolewa kwa kuvutwa juu, na asiyeacha nafasi hiyo hulazimika kung'oa skima nzima kila wiki. Mwambie fundi aache upande mmoja wazi, sampu iweze kutoka bila kuhamisha tangi. Wengi hulikumbuka hili tangi likishajaa.

Pima usawa kwa mpira wa maji, ule wa mafundi ujenzi. Tofauti ya zaidi ya mm 2 kati ya ncha na ncha irekebishwe kwenye miguu ya fremu, kamwe si kwa kusukumia vipande vya mbao chini ya kioo.

Dalili ya mafanikio: watu wanne wazima wakisimama juu ya fremu haichezi, na usawa haubadiliki.

## Hatua ya 2: Umeme, kabla ya maji

Hapa ndipo matangi mengi ya kwetu yanapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 85 ya ule wa Tanga au Dar, na oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji hupungua kwa kiasi hichohicho. Moshi, iliyo chini zaidi, inapata asilimia 90 hivi. Maji ya chumvi nayo hubeba oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi. Maana yake ni kwamba samaki wa tangi lako huanza usiku na akiba ndogo kuliko samaki wa tangi kama hilo lililoko pwani. Pampu zikisimama saa nne usiku, samaki, mawe na bakteria wote wanavuta kutoka kwenye akiba hiyo, na hakuna kinachorudisha.

Kwa sababu hiyo, umeme wa akiba kazi yake ya kwanza ni kutikisa maji. Taa hazimo. Hita nazo hazimo: lita 650 zinahitaji kupoteza karibu robo tatu ya uniti ya umeme ili zishuke digrii moja tu, kwa hiyo ubaridi huchukua saa nyingi kuleta madhara, ilhali kukosa hewa hakusubiri.

Hesabu ya betri ni hii. Betri ya 12V 100Ah ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, itakufa mapema. Toa na kinachopotea kwenye inveta: umebaki na 500 hivi. Pampu moja ya mawimbi ya wati 20 na pampu ya hewa ya wati 5 zitaenda saa 20. Ukiunganisha pampu ya kurudisha maji ya wati 40, umebakiwa na saa nane pungufu kidogo. Ukisahau taa za wati 200 kwenye laini hiyo, saa mbili na nusu hazifiki.

Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi hufanya mota za pampu zivume na kupata joto. Stabilaiza inayochelewesha umeme dakika chache ni ya lazima, maana kinachochoma vifaa mara nyingi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo.

Onyo: laini nzima ya tangi ipite kwenye breka ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30, na nyumba iwe na ethi inayofanya kazi. Soketi ziwe pembeni, juu kuliko sampu, na kila waya uning'inie chini kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone la maji lidondoke sakafuni. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na mkono wako utakuwa ndani yake kila wiki.

## Hatua ya 3: Kutengeneza maji safi

Wakazi wa miteremko ya Meru wanazijua mashine za RO kwa sababu ya floraidi. Vyanzo vingi huko vinazidi mg 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na WHO. Watu wengi hudhani ndiyo sababu ya kuchuja maji ya tangi. Sivyo. Maji ya bahari yenyewe yana floraidi ya kama mg 1.3 kwa lita. Kinachotuumiza ni silika ya miamba ya volkano, inayolisha mwani wa kahawia, pamoja na nitreti, fosfeti na magadi yaliyoyeyuka ambayo huvuruga ualkali.

RO ya kunywea iliyoko jikoni inaweza kutumika kwa marekebisho mawili. Kwanza, ondoa katriji ya mwisho ya "kurudisha madini" kama ipo. Inarudisha hasa tunavyovitoa. Pili, funga chombo cha resini baada ya memburani. Memburani peke yake hupunguza, resini ndiyo inayomaliza.

Shinikizo la maji likiwa chini ya baa 3, memburani huchuja kidogo na kutupa mengi. Mitaa mingi maji huja kwa zamu, kwa hiyo chukua kutoka tangi la juu na uweke pampu ndogo ya kuongeza nguvu. Memburani ya galoni 100 kwa siku itakupa lita 650 kwa siku mbili au tatu, na kwa kila lita safi utatupa tatu au zaidi. Maji hayo ya kutupwa yana kila kitu kwa wingi zaidi: ya kupiga deki na ya chooni sawa, ya kunywesha mifugo hapana.

Hifadhi kwenye plastiki. Usipitishe maji haya kwenye bomba la chuma lenye zinki au la shaba. Shaba kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe.

Dalili ya mafanikio: kipima TDS kinasoma 0. Kikisoma 3 na kuendelea, resini imeisha.

## Hatua ya 4: Kioo

Mwambie fundi kioo mapema wapi matundu yatakaa, na ahakikishe kioo hakikupikwa. Kioo kilichopikwa, kama cha milango ya maduka, kikitobolewa kinasambaratika chote. Ukubwa wa tundu ufuate kiungo cha bomba ulichokwisha kukishika mkononi, usiamini namba iliyoandikwa kwenye pakiti.

Silikoni ya mabafuni huwa na dawa ya ukungu, na dawa hiyo ni sumu. Nyuso zifutwe kwa spiriti, silikoni iwekwe kwa mwendo mmoja bila kukatika, na vipande vya kuimarisha ukingo wa juu vyenye upana wa sentimita 6 viwekwe pande zote nne. Vipande hivyo vya juu ndivyo vinavyozuia kioo cha mbele kutuna. Fundi anayesema si lazima mtafutie kazi ya madirisha.

Acha siku saba. Kisha lijaze maji ya bomba nje ya nyumba, juu ya fremu yake yenye plaiwudi na fomu, kwa saa 72. Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kona asubuhi na jioni, itakuonyesha unyevu ambao jicho halioni.

## Hatua ya 5: Mabomba na sampu

Maji yanashuka kwa mabomba mawili ya inchi 1½ yaliyo ndani ya kisanduku cha kumwagikia. La kwanza huzama kabisa, nalo lina geti vavu chini. Hili ndilo linalobeba maji yote, kimya. La pili mdomo wake uko juu zaidi, halina koki yoyote, na siku zote liko tupu. Ni la dharura. Konokono akikaa kwenye la kwanza, la pili hupokea, na utajua kwa kelele. Usilifungie koki hata fundi bomba akikuona mshamba.

Maji yanapanda kwa bomba la inchi moja. Mdomo wake uishie sentimita 2 au 3 chini ya uso wa maji, na juu yake, chini kidogo tu ya uso wa maji, toboa tundu la mm 4. Umeme ukikatika, bomba hilo linageuka mrija wa kunyonya na kurudisha maji chini. Tundu huvuta hewa na kukata mnyonyo. Lisafishe kila mwezi kwa kijiti cha meno, kwani mwani hulipenda.

Kila sentimita ya maji juu ya tangi ni lita 10. Yakishuka sentimita 3, sampu inapokea lita 30 pamoja na yaliyokuwa kwenye mabomba. Ndiyo maana sampu ya kimo cha 45 inaendeshwa ikiwa na maji yasiyozidi sentimita 25.

Igawe sampu sehemu tatu: ya skima, yenye kina kisichobadilika cha sentimita 20 hadi 23, ya mwani wa nyuzi uitwao Chaetomorpha, na taa yake ndogo inayowaka usiku, na ya mwisho ya pampu. Kiwango cha maji hushuka kwenye sehemu hii ya mwisho peke yake, kwa hiyo floti ya kuongezea maji inakaa hapa.

Floti hiyo ilishwe na pipa la lita 40, si na bomba la nyumba. Ikikwama wazi, lita 40 zitashusha chumvi kutoka 35 hadi 33, na matumbawe yatavumilia. Bomba la nyumba halina mwisho.

Kinachovukizwa ni maji, chumvi inabaki. Kila siku unaongeza maji safi ya RO, kamwe si maji ya chumvi. Kosa hili dogo huua matangi polepole kiasi kwamba mwenye tangi hulaumu chakula.

Jaribio: jaza maji, washa kila kitu, zima swichi kuu. Maji yakikoma kushuka na sampu haijamwagika, washa tena. Rudia mara tano. Ukiwa na shaka, rudia kesho yake.

## Hatua ya 6: Mawe na mchanga

Usivunje tumbawe wala kubeba mwamba hai kutoka baharini. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na sehemu kubwa ya pwani ya Tanga imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Huhitaji mwamba hai: mawe makavu yanakaliwa na bakteria wale wale, yanachelewa tu.

Mwamba wa zamani wa matumbawe unaochimbwa nchi kavu pwani kwa ajili ya ujenzi unafaa, mradi ni mwepesi na una matundu. Dondoshea siki: ukitoa povu ni wa kalsiamu. Jiwe la volkano la Arusha halitoi povu, na mara nyingi lina chuma. Pitisha sumaku ujionee. Sugua mawe kwa brashi, yaloweke kwenye maji ya RO wiki tatu ukibadilisha kila wiki, kisha pima fosfeti ya maji hayo. Ikiwa juu ya mg 0.1 kwa lita, endelea kuloweka.

Panga mawe juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga, ili samaki mchimbaji asije akayaangusha. Acha sentimita 10 nyuma na pembeni kwa ajili ya mkono wako na mkondo. Rundo lililoshikamana kama ukuta huoza katikati. Jenga mapango na madaraja.

Mchanga uwe wa aragonaiti, kina cha sentimita 3 au 4. Mchanga wa mtoni ni silika, na ule mweusi wa kwetu ni chuma na volkano. Yote miwili ibaki kwa mafundi ujenzi.

## Hatua ya 7: Chumvi

Chumvi ya mezani ni kloraidi ya sodiamu iliyotiwa madini joto. Chumvi ya mawe ya mabwawa ya pwani inadanganya zaidi, maana imetoka baharini kweli. Lakini maji ya bahari yanapokauka, kalsiamu hutangulia kuganda kama chokaa na jasi, halafu ndipo chumvi inaganda, na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachonunua ni bahari iliyovuliwa vitu vilevile ambavyo matumbawe hujengea mifupa.

Kuleta maji ya bahari inawezekana, ila piga hesabu: madumu 33 ya lita 20, zaidi ya kilomita 400 kutoka Tanga hadi Arusha, na wakati wa masika mito huyazimua maji ya ufukweni. Halafu kila wiki mbili unahitaji mengine. Tumia chumvi ya pakiti.

Mara hii ya kwanza tu, changanyia ndani ya tangi. Jaza maji ya RO, washa pampu na hita hadi 25°C, kisha ongeza chumvi kidogo kidogo, gramu 37 kwa lita. Chumvi iingie kwenye maji. Ukimwagia maji juu ya chumvi, kalsiamu huganda kama maziwa na hairudi. Acha saa 24, kisha pima. Lengo ni 35, sawa na uzito linganifu wa 1.026.

Refraktomita iliyowekwa sawa kwa maji safi peke yake huweza kupotoka ifikapo 35. Iweke sawa kwa kimiminika cha 35.

## Hatua ya 8: Kuivisha tangi

Kuivisha ni kukuza bakteria watakaogeuza amonia, sumu inayotoka kwenye taka za samaki, kabla samaki hawajaingia. Taa zizimwe. Tia gramu 4 za kloraidi ya amonia iliyo safi. Zitaleta amonia ya mg 2 kwa lita. Ongeza bakteria wa chupa kama unao, na angalia tarehe, kwa kuwa waliopikwa na jua njiani ni maji ya bei ghali tu. Kutupia kamba mbichi aoze kunafanya kazi, lakini hujui umeweka kiasi gani, na nyumba inanuka.

Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia kuwa nitraiti, la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti. La pili huchelewa, kwa hiyo wiki ya pili au ya tatu nitraiti hupanda na kukaa. Usifanye lolote. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita; baridi huongeza muda.

Dalili ya mafanikio: unatia tena gramu 4, na baada ya saa 24 amonia ni 0 na nitraiti ni 0. Badilisha asilimia 30 ya maji. Maji meupe si kipimo. Amonia haina rangi.

## Hatua ya 9: Joto, mikondo na taa

Lengo ni 25 hadi 26°C bila kuyumba zaidi ya digrii moja kwa siku. Arusha tatizo ni usiku wa Julai, na jawabu ni hita mbili ndogo badala ya moja kubwa: moja ikifa nyingine inashikilia, moja ikikwama imewaka haina nguvu ya kupika tangi haraka. Moshi tatizo ni Januari na Februari. Elekeza feni mbili kwenye uso wa sampu. Kila lita moja inayovukizwa huondoa joto la kutosha kushusha mfumo huu karibu digrii nzima. Pipa la kuongezea litaisha upesi zaidi, lijaze kila siku.

Pampu za mawimbi zitazamane kwa mshazari na ziutikise uso wa maji. Ukiona uso umetulia kama kioo cha meza, zielekeze juu. Kwa kimo chetu hiki juu ya usawa wa bahari, uso unaochemka ndio pafu la tangi.

Taa zianze kwa theluthi ya nguvu, saa 8 kwa siku, na kupanda asilimia 5 kila wiki. Wiki chache za mwanzo kila kitu kitageuka kahawia, baadaye kijani. Hii ni kawaida na hupita. Anayekimbilia dawa ya kuua mwani wakati huu huanza upya.

## Hatua ya 10: Viumbe

Konokono 20 kwanza. Wiki mbili baadaye, samaki nemo wawili. Kisha samaki mmoja au wawili kwa mwezi, wasizidi kumi wadogo na wa kati kwa mwaka wa kwanza. Kangaja, aliye mla mwani na mpenda nafasi, asubiri mwezi wa sita. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na kwa matumbawe dai karatasi. Yanayofaa ni yale yaliyooteshwa kwa vipandikizi.

Ukipokea mfuko kutoka Dar au Tanga, kumbuka mambo mawili. La kwanza: hewa ndani ya mfuko hutanuka karibu asilimia 18 ukipanda hadi Arusha, kwa hiyo mwambie muuzaji asiujaze hadi ukakakamaa. La pili: safari ya saa kumi hulundika amonia, ambayo haina makali kwa sababu hewa ya ukaa imeshusha pH. Ukifungua mfuko, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia hugeuka sumu papo hapo. Kwa hiyo elea mfuko uliofungwa dakika 20, fungua, pima chumvi, na mhamishe samaki ndani ya dakika chache hadi tangi la karantini lililowekwa chumvi ileile. Kudondoshea maji kwa saa mbili, kama wengi wanavyofundishwa, kunafaa kwa samaki wa duka la jirani.

Karantini ni wiki nne angalau, kwenye tangi tupu la lita 60 hadi 80. Vidonda vyeupe vya kimelea Cryptocaryon vikiingia kwenye tangi kubwa huwezi kutia dawa ya shaba humo. Itabidi utoe samaki wote kwa siku 76.

Matumbawe laini kama Sarcophyton yaanze mwezi wa tatu. Euphyllia na jamaa zake, matumbawe magumu yenye minyiri mirefu, mwezi wa tano au sita. Acropora, tumbawe gumu la matawi, baada ya mwaka, na ni baada tu ya ualkali kutulia miezi mitatu mfululizo.

Onyo: zoanthidi, zile zenye vichwa kama vifungo, huweza kuwa na sumu kali iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani, usizisugue kwa brashi, na kamwe usichemshe jiwe lililo nazo. Mvuke wake umeshalaza watu hospitalini. Na dawa ya mbu ya kupuliza isitumike chumba hicho: zenye pairethroidi huua kamba na samaki kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa huzivuta moja kwa moja hadi majini.

## Hatua ya 11: Kushikilia maji mahali pake

Ualkali 8 hadi 9 dKH (kizio cha ualkali), na kwa mg kwa lita: kalsiamu 420, magnesiamu 1,300 hadi 1,350, nitreti 5 hadi 10, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Usikimbilie sifuri kwenye hizi mbili za mwisho. Tangi lililonyimwa chakula kabisa huvamiwa na dinoflajelati, ute wa kahawia wenye vipovu, na kuutoa ni kazi ya miezi.

Matumbawe yakikua yanakula ualkali na kalsiamu. Kupandisha ualkali dKH moja kwenye lita 650 kunahitaji gramu 20 za baking soda safi isiyochanganywa na kitu. Kupandisha kalsiamu mg 10 kwa lita kunahitaji gramu 24 za kloraidi ya kalsiamu yenye maji mawili. Yeyusha kila moja peke yake, mimina sehemu zenye mkondo mkali, saa kadhaa zikitenganisha. Usizidishe dKH moja kwa siku.

Magadi ya sokoni, yale ya Natron ya kulainishia maharage, si mbadala: yana floraidi nyingi na uchafu mwingine. Chokaa ya ujenzi vilevile hapana.

Kila siku angalia joto, pipa la kuongezea na idadi ya samaki. Kila wiki pima chumvi na ualkali, safisha kikombe cha skima, futa kioo. Kila wiki mbili badilisha lita 65, yaani chumvi kilo 2.4 iliyochanganywa siku moja kabla na kufikishwa joto lile lile. Kila mwezi zima swichi kuu mchana na uiache betri ifanye kazi saa tatu mbele ya macho yako.

Kila miezi mitatu loweka pampu zote kwenye siki na maji nusu kwa nusu, moja baada ya nyingine, usiku usiingie zote zikiwa nje. Na uwe na pampu ya kurudisha maji ya akiba kabatini, ikiwa imeshajaribiwa, pamoja na hita moja. Vifaa hivi huagizwa, na mzigo huchukua wiki.